Uliza Kwanza Kinafanya Kazi Gani

Hotuba kwa walimu wa shule ya Jumapili na makatekista wa madhehebu mbalimbali, Lindi mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Natoa salamu zote mbili kwa makusudi, maana humu ndani wamo waliotoka Nyangao na Ndanda, wamo wa Masasi na Newala, na wamo wa makanisa machanga ya hapa mjini. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na safari.

Mada tuliyopewa ni alama za imani katika hadithi za Biblia na maana yake leo. Kwa kawaida mada hii hufundishwa kwa orodha. Chumvi maana yake ushuhuda. Taa maana yake Neno. Mafuta maana yake Roho. Nanga maana yake tumaini. Mtoto anakariri, anapigiwa makofi, na Jumapili ya pili ukimwuliza kwa nini chumvi na si sukari, anakutazama tu. Kosa si lake. Tumempa jibu la swali ambalo hajawahi kuliuliza.

Ombi letu leo ni kugeuza utaratibu. Kabla ya kuuliza kitu kinamaanisha nini, uliza kinafanya kazi gani, kwa kipimo gani, na kikiharibika kinaharibika vipi. Waliosikia maneno haya mara ya kwanza walikuwa wavuvi, wapishi na wakulima, kwa hiyo kazi ya kitu waliijua tayari na maana iliwajia yenyewe. Sisi wa Kusini tuna bahati ambayo wenzetu wa miji mikubwa hawana, kwa sababu vitu hivi bado tunavishika. Mashamba ya chumvi yapo pwani yetu, nanga zipo, ufuta upo. Hata Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kulitia Agano Jipya katika Kiswahili, alishuka hapa Lindi mwaka 1876 akaenda Masasi kwa miguu pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Biblia ya Kiswahili na njia ya Masasi ni za watu wale wale.

Tuanze na chumvi, na hapa tutakaa.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za madini yaliyoyeyuka. Kati ya hizo, chumvi yenyewe ya kupikia ni kama gramu 27. Zilizobaki ni magnesiamu, jasi (madini meupe yanayofanana na chaki) na vinginevyo. Anayevuna chumvi anaujua mchanganyiko huu kwa macho hata kama hana majina ya kikemia. Maji huingizwa bwawa la kwanza yatulie, yakahamishiwa la pili, kisha la tatu, jua likizidi kuyakoleza. Yakipungua hadi kama sehemu moja ya tano ya yalivyokuwa, jasi huanza kuganda chini. Yakifika kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inapoanza kuota. Ukiwa na tamaa ukayaacha yakauke kabisa, magnesiamu nayo inashuka, na unavuna chumvi chungu inayovuta unyevu mpaka gunia linatoka maji. Ndiyo maana mvunaji mzoefu huyamwaga yale maji machungu ya mwisho kabla hayajakauka.

Sasa fungueni Mathayo 5:13. Chumvi ikiharibika, itatiwa nini hata ikolee? Mwanafunzi wa kidato cha pili atakwambia swali hili halina maana, kwa sababu chumvi haiozi wala haiishi muda wake. Atakuwa amesema kweli kuhusu chumvi safi ya dukani. Lakini chumvi nyingi ya Palestina ilitoka Bahari ya Chumvi na ardhi ya kandokando yake, nayo ilikuwa imechanganyika na jasi na udongo. Hapo ndipo penye siri. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha chumvi gramu 360 hivi, lakini jasi huyeyusha gramu 2 na kitu tu. Ukiliweka gunia la mchanganyiko huo mahali penye unyevu, chumvi ndiyo inayoondoka kwanza. Inachuruzika chini kidogo kidogo, usiku baada ya usiku. Kinachobaki ni cheupe, kina punje punje, kina umbo lile lile la gunia. Ukionja, hakuna kitu. Huwezi kukirudisha jikoni, na Luka 14:35 inaongeza kwamba hakifai shambani wala jaani. Kinamwagwa njiani watu wapite juu yake.

Kwa hiyo onyo la Yesu halihusu chumvi kugeuka kitu kingine. Linahusu chumvi kuondoka kimya na kuacha weupe nyuma. Kwaya ina sare, ratiba imebandikwa mlangoni, spika zinasikika mpaka sokoni, na ladha ilishachuruzika siku nyingi. Hakuna aliyeona ikiondoka kwa sababu gunia halikupungua umbo.

Hili mnaweza kulionyesha darasani kwa gharama ndogo. Twanga chaki nyeupe za ubaoni upate vijiko viwili vya chakula vya unga. Changanya na vijiko viwili vya chumvi laini. Weka kwenye kitambaa chepesi cha pamba juu ya bakuli safi, kisha mimina nusu lita ya maji ya kunywa, kidogo kidogo, kama dakika 10. Waache watoto waonje maji yaliyochuruzika. Ni makali. Halafu mwalimu mwenyewe aguse kwa ncha ya ulimi unga uliobaki, watoto wamtazame uso. Mambo matatu huharibu zoezi hili. Ukimimina maji yote kwa mkupuo yanapitia pembeni na chumvi inabaki katikati. Ukitumia kitambaa kizito, chaki inaziba matundu na maji hayapiti. Na ukitumia chaki ya rangi, mtoto atabaki anazungumzia rangi.

Kuna upande wa pili wa chumvi, nao wauza samaki wanaujua kuliko wahubiri. Kwa ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kipimo cha kawaida ni kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki. Chumvi inavuta maji nje ya nyama, na bila maji wadudu wa kuozesha hawana pa kuishi. Samaki akioza ilhali ametiwa chumvi, mara nyingi tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Hakupasuliwa vya kutosha, damu iliachwa, chumvi ikabaki juu juu. Nje mkavu, ndani ananuka. Na kuna lingine la kushangaza: chumvi ya jua iliyo chafu, hasa ikitumiwa mara ya pili, inaweza kuleta wekundu juu ya samaki, kwa sababu wapo vijidudu wanaoipenda chumvi yenyewe. Chumvi nayo huweza kuleta uharibifu iliotumwa kuuzuia. Sina haja ya kuwafafanulia hilo watu waliokaa kwenye mabaraza ya kanisa.

Someni pia Walawi 2:13, inayoagiza kila sadaka ya unga itiwe chumvi, na Hesabu 18:19, inayotaja agano la chumvi, yaani agano lisilooza. Halafu Wakolosai 4:6, ambapo watafsiri waliacha neno chumvi wakaandika kwamba maneno yetu yakolee munyu. Kukolea si kujaa. Mpishi anayetia chumvi ionekane ameharibu mchuzi. Wahubiri wenye sauti kali walifikirie hilo.

Sasa tushuke ufukweni. Waebrania 6:19 inaliita tumaini letu nanga ya roho. Wachoraji wa makaburi ya chini kwa chini ya Wakristo wa kale kule Roma, kama katakombe ya Priscilla, waliichora nanga pamoja na samaki, wakati msalaba bado haujawa alama ya kawaida ya kuchorwa hadharani. Samaki alikuwa fumbo, kwa kuwa herufi za neno la Kigiriki la samaki, ICHTHYS, ni herufi za mwanzo za maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Nanga haikuhitaji fumbo. Kila aliyewahi kupanda chombo aliielewa.

Je, sisi tunaielewa? Mwulize mtoto nanga inazuiaje mashua. Atasema kwa uzito. Si kweli, au ni kweli kidogo tu. Nanga ya baura yenye kilo 15 haiwezi kwa uzito wake kushika mashua yenye shehena. Inashika kwa sababu kucha lake limezama mchangani na kamba inaivuta kwa ulalo. Kamba ikivuta kwa ulalo, kucha linazidi kuzama. Kamba ikivuta kwenda juu, kucha linang'oka. Kwa hiyo siri ya nanga iko kwenye urefu wa kamba. Bahari ikitulia, toa kamba angalau mara 3 ya kina. Upepo ukiwepo, mara 5 au zaidi.

Angalieni sasa linaloharibika, maana huku kwetu wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3. Nahodha amefika maji yamekupwa, kina ni mita 4. Ametoa kamba mita 12, mara 3 kamili, akalala. Maji yanajaa, kina kinakuwa mita 7. Kamba ni ile ile, lakini sasa haifiki hata mara 2 ya kina. Inasimama wima. Upepo kidogo tu, nanga inang'oka, na chombo kinaamkia kwenye mwamba. Nanga haikuwa mbovu na mchanga haukuwa mbaya. Kipimo kilichukuliwa wakati wa maji madogo. Imani ya watu wengi hupimwa hivyo hivyo, wakati korosho zimeuzwa vizuri na nyumbani hakuna mgonjwa, na kamba inayoonekana ndefu siku hiyo haitoshi usiku maji yakijaa.

Jambo la pili ni sakafu ya bahari. Mchanga na matope mazito hushika. Mwamba haushiki, unanasa, na kunasa si kushika, kwa sababu upepo ukigeuka nanga inaachia ghafla au haitoki tena. Kwenye matumbawe usitupe kabisa, utavunja nyumba ya samaki ambao kesho utawatafuta. Wenzetu wa Msimbati wanaoishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi wanalijua hili. Waebrania inasema nanga yetu inaingia ndani ya pazia. Yaani imeshuka mahali ambapo jicho la aliye juu ya sitaha halifiki, kama nanga yoyote nzuri. Nahodha haioni. Anachoona ni kamba tu, akiishika kwa mkono anasikia kama inatetemeka au imetulia.

Anayefundisha nanga asiiache Matendo 27, sura ya kibaharia kuliko zote katika Biblia. Kwenye tafsiri yetu ya zamani inasomeka kana kwamba imeandikwa Kilwa. Wanapima maji wanapata pima 20, wanasogea wanapata pima 15. Pima ni mikono miwili iliyonyoshwa, kama mita 1.8, kwa hiyo wametoka mita 36 wakafika 27. Wanaogopa kupwelewa miambani, wanatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma ya chombo, wanaomba kuche. Kwa nini tezi na si omo, yaani mbele? Kwa sababu walitaka omo ibaki inaelekea nchi kavu, ili kukipambazuka wakate nanga na kuliendesha jahazi ufukoni. Na ndivyo walivyofanya. Nanga zote nne waliziacha baharini, meli ikavunjika, na watu wote 276 wakafika salama.

Kuna mstari katika sura hiyo unaorukwa sana, ule wa 30. Mabaharia waliteremsha mtumbwi wakijifanya wanakwenda kutupa nanga za omo, kumbe wanatoroka. Walishika alama ya tumaini mkononi huku wakiwaacha abiria wafe. Mstari huo tutauhitaji baadaye.

Kwa kuwa tuko kwenye vyombo, neno moja kuhusu safina. Mwanzo 6 inatoa vipimo: mikono 300 kwa 50 kwa 30. Mkono mmoja ukiwa kama sentimita 45, hiyo ni mita 135 kwa 22 na nusu kwa 13 na nusu. Watoto wapelekeni uwanja wa mpira. Urefu wa safina unapita uwanja mzima. Biblia ya Kiebrania inataja mti wa goferi, ambao hakuna anayeujua kwa hakika, na watafsiri wetu wakaandika mvinje, ule ule unaovuma upepo kwenye fukwe zetu. Ni uchaguzi wao, nao ni mzuri, ila msijenge mahubiri juu ya tabia za mvinje. Kinachostahili mahubiri ni lami, ndani na nje. Neno la Kiebrania la lami hiyo ni kofer, lenye herufi za mzizi k-f-r, zile zile za neno lao la upatanisho, na kupitia Kiarabu mzizi huo umetufikia sisi katika neno kafara. Fundi wa mashua anajua kwamba mbao hazizuii maji, maana kila chombo kina viungo, na kila kiungo ni mlango. Anayezuia maji ni kalafati, pamba iliyogongwa kwenye mianya, kisha deheni (mchanganyiko wa chokaa na mafuta) chini na sifa juu ya mbao. Ndiyo, mafuta ya samaki ya kupaka chombo yanaitwa sifa. Wapenzi wa kuimba sifa wachukue hapo wanachotaka.

Tuje kwenye taa. Igizo la wanawali kumi linachezwa karibu kila mwaka, na karibu kila mara linachezwa kwa kibatari au kwa tochi ya simu. Kibatari kinaharibu mfano wote, na sababu ni ya kifizikia. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapanda utambi mrefu bila shida, na chupa ikijaa unasahau mpaka asubuhi. Mafuta ya mimea ni mazito, yanapanda sentimita chache tu. Taa ya Kiyahudi ya wakati wa Yesu ilikuwa chombo kidogo cha udongo kinachoenea kiganjani, chenye mdomo wa utambi, na kilihitaji kuangaliwa, yaani kuongezwa mafuta, kusogezwa utambi, kukatwa makaa. Mathayo 25:7 inasema wote kumi waliamka wakazitengeneza taa zao. Kutengeneza ni hiyo kazi.

Tena wapo wasomi wanaosema hazikuwa taa za udongo bali mienge, kwa kuwa neno la Kigiriki lililotumika hapo, lampas, ndilo linalotafsiriwa mienge katika Yohana 18:3 askari walipokuja bustanini. Mwenge ni fimbo yenye matambara yaliyolowekwa mafuta. Hauwaki muda mrefu. Lazima uwe na chombo cha mafuta pembeni uuloweke upya. Mimi naona maelezo hayo yana nguvu, maana maandamano ya arusi usiku hutembea, na taa ya udongo haipendi upepo. Ukilisoma hivyo, wapumbavu hawakuwa wavivu. Walileta mienge mizuri tu. Walidhani bwana arusi atakuja muda ule walioukadiria wao.

Kwa darasa, tengenezeni taa halisi. Kibia au sahani ndogo ya udongo, mafuta ya ufuta vijiko viwili vya chakula, uzi wa pamba uliosokotwa unene wa milimita 3 hivi. Loweka utambi wote kwanza. Utambi mkavu unaungua wenyewe kabla mafuta hayajapanda, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Ulaze ukingoni, ncha itokeze nusu sentimita, na uso wa mafuta usiwe chini ya mwali zaidi ya sentimita 2. Ncha ikiwa ndefu, moshi. Mafuta yakishuka, moshi tena, kisha inafifia. Hapo ndipo msome Isaya 42:3, utambi utokao moshi hatauzima, na watoto wataona kwamba moshi ni dalili ya taa yenye njaa, inayohitaji mafuta na makasi, si kidole cha kuizima. Andikeni muda wa kuwasha na wa kuzimika, ili mjue saa ngapi vijiko viwili vinakaa. Mafuta ya nazi pia yanafaa huku pwani, lakini wenzetu wa Newala na Tandahimba waangalie, maana nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24, na usiku wa Julai kule juu taa itakataa. Fanyeni nje, mbali na makuti, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Moto wa mafuta hauzimwi kwa maji.

Chachu nitaipitia kwa neno moja la tafsiri. Mathayo 13:33 yetu inasema mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Pishi ya bibi zetu ni vibaba vinne, kilo 2 na nusu au 3, kwa hiyo pishi tatu ni kama kilo 8. Wasikilizaji wanaona mama wa kawaida na mikate ya familia kubwa. Lakini kipimo cha Kigiriki, saton, ni kama lita 13. Vitatu ni lita 39, debe mbili za unga. Huo ni mkate wa watu zaidi ya mia, kazi ya shughuli na si ya chakula cha jioni. Watafsiri walitupa neno la nyumbani na mshangao ukapotea njiani. Urudisheni mshangao huo, leteni debe mbili tupu mbele ya darasa. Na mjue kwamba chachu hiyo haikuwa hamira ya pakiti. Ilikuwa donge la unga wa jana lililobakizwa, lenye uchachu wake, kama wazee wa pwani walivyoumulia mikate kwa tembo la mnazi. Huwezi kuinunua ghafla. Lazima jana uwe ulikuwa na mkate. Chachu hiyo hiyo Yesu anaitumia kwa maana mbaya pia, Mathayo 16:6, kuonya juu ya Mafarisayo. Kitu kimoja, maana mbili, kwa kuwa kazi yake ni moja, kuenea bila kuonekana, na unga haujui kama kilichofichwa ndani yake ni kizuri. Walawi 2 inakataza chachu kwenye sadaka ya moto na kuagiza chumvi katika sura ile ile. Mwokaji hashangai. Chumvi huipunguza chachu kasi, ndiyo maana kwa kilo 1 ya unga hutiwa gramu 20 na si zaidi.

Haradali nayo, kwa ufupi. Msitumie mbuyu kuifundisha. Naelewa kishawishi, mbuyu ni mkubwa na upo. Lakini mbegu ya mbuyu ni kama harage, na mti wenyewe unachukua vizazi. Haradali nyeusi ina mbegu ya milimita 1 hivi, na kwa msimu mmoja inafika mita 2 au hata 3, kisha inakauka. Ni mboga. Ezekieli 17 alizungumzia ndege kukaa chini ya mwerezi, mti wa wafalme. Yesu akawaleta ndege wale wale kwenye tuta la mboga. Chukueni mbegu za mchicha, mmekaribia zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua baadhi yenu mlikuwa mnalisubiri. Hesabu 21 inasimulia nyoka wa shaba aliyeinuliwa jangwani, waliomtazama wakapona. Yesu mwenyewe aliichukua alama hiyo katika Yohana 3:14. Lakini katikati kuna 2 Wafalme 18:4. Mamia ya miaka baada ya Musa, watu walikuwa wanamfukizia uvumba nyoka yule yule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande, akamwita Nehushtani, kitu cha shaba tu. Alikuwa nyoka halisi wa Musa, si bandia. Alivunjwa kwa sababu watu walikuwa wameacha kutazama kupitia kwake wakaanza kumtazama yeye.

Leo kuna chumvi ya upako, mafuta ya upako, maji, vitambaa, hata udongo, na vina bei. Wanaouza huwa na andiko mkononi: Elisha alitia chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko, 2 Wafalme 2:19-22. Lisomeni lote. Elisha aliomba chombo kipya na chumvi kutoka kwa wenyeji wenyewe. Aliitupa mara moja, kwenye chanzo cha maji ya mji mzima. Hakuna aliyeondoka na pakiti. Sura tatu mbele, mtumishi wake Gehazi alimkimbilia Naamani akapokea fedha na mavazi kwa uponyaji ambao haukuwa wake, na ukoma wa Naamani ukamshika. Mzazi akikuuliza kama anunue chumvi hiyo kwa mtoto mwenye degedege, usimpe somo refu. Mwambie ampeleke mtoto hospitali sasa hivi, na umwombee njiani. Chumvi ya dukani yenye madini joto ina faida inayojulikana, inazuia rovu, ikiwekwa kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu. Anayeuza zaidi ya hapo ameshika nanga ya omo, na mtumbwi wake umeshateremshwa.

Muda umekwisha naona. Kwenye meza ile kuna chaki, vitambaa, vibia, chupa ya ufuta, na beseni la mchanga wenye maji lenye nanga ndogo ya waya ndani yake. Gawanyikeni watano watano. Walio kwenye beseni, anzeni na uzi mfupi, mvute mpaka nanga ing'oke, ndipo muongeze. Walio kwenye taa, nawakumbusha tena: loweka utambi kwanza.